Mabafu ya Kumwonyesha Mgeni

Mjinga wa siku ile alikuwa Injinia, na mpaka leo hajawahi kubisha. Mtu mwenye akili zake hachoti tope la mfereji, akalimwaga bafuni, kisha akarudi nyuma kulitazama kama mpishi anayeonja mchuzi.

"Ongeza pale pembeni," alisema, pua ameifukia kwenye kola ya shati.

Mama Fagio, mkuu wa wasafishaji wa chuo, aliitua ndoo kwa kishindo. "Bosi, miaka yote nimeajiriwa kuondoa uchafu. Leo nautandika kama shuka!"

"Vumilia, mama. Mfadhili akikuta pananukia sabuni, atatupigia makofi na kwenda zake."

Injinia alikuwa ameanza kazi muhula uleule, akakabidhiwa ukarabati wa majengo yote. Wanafunzi walikuwa wameshamaliza mitihani na kwenda makwao, na likizo ndefu ndiyo ilikuwa nafasi pekee ya kubomoa na kujenga. Lakini mkuu wa chuo, katika taarifa yake ya kufunga muhula, alitangaza viti vipya vya maktaba, rangi ya lango na maua ya kuzunguka ofisi. Mabafu ya bweni la wasichana hakuyagusia hata kwa bahati mbaya.

Na katika bweni hilo ndimo alimolala mpwa wake Injinia. Fangasi walikuwa wamemla vidole vya miguu hadi akawa anaingia darasani na ndala. Mama yake aliishiwa uvumilivu kwenye simu: "Kaka, kama umeajiriwa hapo na mwanangu bado anajikuna, wewe unakarabati nini hasa?"

Neno hilo lilimkaa kooni. Kwa hiyo asubuhi ile, mkuu alipompa maagizo kabla ya kuingia kikaoni, aliyasikia kwa sikio moja.

"Mgeni mpeleke maktaba, anywe chai, aage. Mabweni achana nayo."

"Sawa, mkuu," alijibu, na moyoni akamcheka. Mzee anaona haya! Anaomba msaada huku amejifunika!

Mfadhili aliyefika alikuwa mama mtu mzima, mpole, amevaa viatu vyeupe. Viatu hivyo vilimfurahisha sana Injinia. Walipita nje ya maktaba bila kusimama, wakaingia korido ya bweni.

"Mabafu ya wasichana ni haya ya chini, yaliyopakana na chumba cha kufulia?" mama aliuliza.

"Hayohayo! Umejuaje, mama?"

"Huwa nasoma kila mnachonitumia."

Injinia nusura aruke. Mfadhili anayesoma! Akausukuma mlango.

Uvundo uliwapokea kama shemeji mwenye shida: uliwakumbatia wote na haukutaka kuwaachia. Tope jeusi lilitoa mapovu juu ya saruji iliyolika. Kwenye tundu la maji palikuwa na fundo la nywele, limelowa na kunona, unaweza kuapa kuwa ni panya aliyekufa. Utando wa kijani ulishuka ukutani kama makamasi. Ndani ya sinki lililofungwa kwa waya, maji ya rangi ya kutu yalikuwa yamebeba plasta ya kidonda cha mtu, inaelea taratibu, haina haraka ya kwenda popote.

Mama alijiziba pua kwa leso. Injinia, pamoja na kwamba nusu ya karaha ile aliiandaa mwenyewe, aliirudisha pua ndani ya kola. Kazi imekwenda vizuri, alijiambia.

Ila mgeni hakuwa anaangalia tope. Alikuwa anaangalia kuta.

"Vigae viko wapi?"

"Vigae gani, mama? Hii ni saruji tupu ya enzi za babu zetu."

"Na maji moto?"

Injinia alicheka hadi akavuta harufu yote kifuani, akakohoa hadi machozi yakamtoka. "Maji moto! Hata ya baridi yanakuja yakijisikia!"

"Mabinti wanaoga kwa ndoo kule nyuma," Mama Fagio alidakia kutoka mlangoni, "wanashikiana shuka kwa zamu. Mvua ikinyesha ndiyo wanasuuzika."

Simu ya Injinia ililia. Mkuu. Akaikata. Ikalia tena kabla hajairudisha mfukoni. Akaizima kabisa.

"Inatia kinyaa," mfadhili alisema, sauti imemkauka.

Kwa Injinia hilo lilikuwa tamu kuliko wimbo. Tayari alikuwa akimwona mpwa wake akioga na kuimba.

"Lakini sitaki kumwonea mtu," mama aliendelea. "Labda pametengenezwa vizuri, wasichana wakaja wakaharibu. Vijana nao wana mikono."

Damu ilimchemka Injinia. Yaani vidole vile vyote vilivyochubuka, halafu lawama nazo wabebe wao?

"Hapana, mama, hilo nakataa! Waharibu nini? Kitu kikivunjwa huacha alama." Akaupiga ukuta kwa kiganja, utando ukamrukia shavuni, wala hakujali. "Tazama hapa. Pana gundi ya kigae? Pana tundu la msumari? Hakuna hata mkwaruzo! Hii ndiyo kazi yangu, na nakuapia: tangu jengo hili lisimame, humu hajawahi kuingia fundi."

Mama aliishusha leso, akamtazama usoni kwa utulivu.

"Basi zile picha za vigae vyeupe na mabomba ya maji moto mlizonitumia mwaka jana, mkinishukuru kwa kuwakarabatia mabafu haya, zilipigwa nyumbani kwa nani?"