Ruzuku ya Usingizi

Wanyama nao huugua, na zamani hizo waliugulia katika hospitali ya Muuguzi Digidigi. Wagonjwa wake hawakulala, na bila usingizi hawakupona. Mzee Ndovu, mwenye huruma nyingi, akampa ruzuku ya utafiti ili ajue kinachowakesha.

Kila walipoanza kusinzia, Ndovu alifika kukagua kazi, na vishindo vyake vikarusha vitanda.

"Sista, tumegundua nini?"

"Bado, mzee."

Siku moja Nguchiro, mguu wake umefungwa bendeji, akamnong'oneza Digidigi, "Sista, si umwambie tu? Tutakufa macho wazi!"

"Akisusa je? Hizo bendeji zako nitazitoa wapi?"

Lakini Digidigi alipoyaona macho yao mekundu, akajikaza, akamfuata Ndovu mlangoni.

"Mzee wangu, tumegundua. Ni miguu yako."

Masikio ya Ndovu yakalegea. "Mimi? Nami ninavyowapenda!"

"Wanajua, mzee. Wapende ukiwa nyumbani."

Ndovu akashikwa na kicheko, akajiziba mdomo kwa mkonga, akaondoka akinyata.

Mwaka uliofuata, aliyetumwa kuleta habari za ruzuku mpya alikuwa kipepeo.