Gauni la Bi Mwanapili

Fundi Hamdani alikifungua kifurushi juu ya cherehani, na harufu ya kafuri ikampanda puani. Akaurudisha mkono upesi.

"Bibi, hii si sanda?"

"Ni sanda yangu," alisema Bi Mwanapili. "Niliinunua mume wangu alipofariki, nikaiweka sandukuni. Nishonee gauni. Mjukuu wangu anaolewa Ijumaa."

"Mimi sikati sanda ya mtu aliye hai."

"Kwani aliyekufa atakuja kukuomba gauni?"

Wanawake waliokuwa wakingoja nguo zao kibarazani waligeuka kumtazama.

"Harusi zote za ukoo wetu nimekwenda na nguo za kuazima," alisema, "na kitambaa changu kizuri kuliko vyote kimelala kinaningoja nife. Kimengoja vya kutosha."

"Na siku yenyewe ikifika?"

"Mtanichangia. Mji huu haujawahi kumzika mtu uchi."

Fundi alibaki amekunja mikono. Bi Mwanapili akauchukua mkasi mwenyewe, akaushika kwa mikono miwili maana ulikuwa mzito, akakata. Kitambaa kikaenda upande. Hamdani hakuweza kuvumilia kuona nguo nzuri ikiharibiwa. Akamwondolea mkasi taratibu, akavua futi shingoni, akaanza kumpima mabega.

Alipofika kiunoni akauliza, kama anavyowauliza wateja wake wote, "Nikuwekee mfuko?"

Bi Mwanapili aliitazama ile sanda, akacheka kwa mara ya kwanza.

"Miwili," alisema. "Mikubwa."

Na mikono yake ikashuka ubavuni, ikipatafuta mahali mifuko itakapokaa.