Kasha la Miwani

Bi Mashavu alitoa miwani ya marehemu mumewe ndani ya kasha lake pana la bati, akaiweka juu ya kaunta ya duka la silaha. Alitaka bastola itakayoenea humo.

Ya kwanza ilikuwa nene, kasha likakataa kufungika.

"Mpini wake ulitengenezwa ubebe risasi kumi na tano," alisema Shaibu, muuzaji. "Lakini siku hizi sheria inaruhusu saba tu. Utabeba uzito wa bure. Chukua hii ndogo, mama. Nayo inaingia saba."

Ndogo ikaenea. Kasha likafungika kwa mlio ule ule aliouzoea kila mumewe alipomaliza kusoma gazeti. Bi Mashavu akashika ukingo wa kaunta.

Shaibu aliuona uso wake. "Unaogopa saba hazitatosha? Waliomvamia mzee wako walikuwa wangapi?"

"Mmoja," alisema Bi Mashavu. "Alimwamkia kwanza. Mzee akaitikia marahaba, akamfungulia geti."

Shaibu aliifuta miwani kwa kitambaa cha kusafishia bunduki, akamrudishia mkononi.

Bi Mashavu alilipa, akatia mkobani kasha lenye bastola, akatoka. Nje jua lilikuwa kali. Binti mmoja aliyebeba ndoo ya maandazi alimpisha njiani, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, bibi."

Bi Mashavu alifungua kinywa aitikie. Mkono wake ulikuwa umeshaingia mkobani, na kifuniko cha kasha kilikuwa wazi.