Unisikiaye, Sema

Wageni waliinuka kucheza pale pale walipoinuka kila siku: kwenye ubeti ambamo mwimbaji, Jogoo, aliwaomba wapige simu polisi.

Mama mmoja alimvuta mumewe kwenye nafasi kati ya meza. Gitaa la umeme likaunguruma, na Jogoo, mishipa ya shingo imemtoka, akawapasulia kiitikio:

*Kwetu ninakukumbuka,*
*mlango umefungika,*
*pasi bosi kazishika,*
*unisikiaye, sema!*

Hakuna aliyesema. Ulikuwa mwezi wao wa saba pale, na katika mkahawa ule wa hoteli hakuna mgeni aliyejua hata neno moja la lugha ya Jogoo na wenzake. Meneja naye hakulijua; ndiyo maana aliwaacha waimbe. Wakala wa kazi aliyewaleta katika nchi ile alimkabidhi pasipoti zao siku ya kwanza, na simu siku ya pili. Mpiga ngoma wao alijaribu kuruka ukuta, akavunjika mguu, akapelekwa wasikokujua. Tangu hapo ngoma zilipigwa na mashine.

"Meza ya karibu na jikoni," dada yake Jogoo alinong'ona, ameinamia gitaa. "Yule wa shati jeupe. Mtazame."

Mtu yule alikuwa akigonga meza kwa vidole tangu wimbo ulipoanza, tena kwa ustadi kuliko mashine. Sasa vidole vilikuwa vimekufa. Kinywa wazi, machozi yanamtiririka.

"Ameelewa, mdogo wangu."

"Labda pilipili."

"Pilipili gani, na uma hajaugusa? Rudia kiitikio. Na uache ubishoo, yatamke maneno!"

Jogoo alirudia. Aliyatoa moja moja, kama mtu anayetaja anwani kwenye simu mbovu, kisha akachomeka jina la hoteli na la mtaa. Dada yake alilichuna gitaa kwa upole ili neno lisipotee. Wageni walidhani ni maneno ya mapenzi, wakakumbatiana.

Mtu yule alijifunika uso kwa kitambaa cha meza.

Wimbo ulipoisha, meneja alichukua kipaza sauti, akaweka mkono kifuani na kuwaeleza wageni maana aliyoibuni mwenyewe, kama kawaida. Jogoo alishayajua maneno yale kwa kuyasikia kila siku: kijana, mbali, nyumbani, mama. Wageni wakaitikia, "Aaah!" Kwa kweli meneja hakudanganya sana.

Mwenye shati jeupe aliinuka. Alimpita meneja, akampita mlinzi, na hakuna aliyemzuia. Jogoo alihisi miezi saba inamlegea kifuani. Akapiga magoti ukingoni mwa jukwaa, akajifanya anatengeneza waya.

"Umesikia, kaka?"

"Kila neno."

Alilitamka kama watu wa kwao. Jogoo nusura amkumbatie.

"Basi usirudi mezani. Lango liko wazi mpaka saa tisa. Nenda ubalozini, waambie tuko wawili, na wa tatu hatujui aliko. Usinitazame, watashtuka. Nenda, kaka. Tembea tu, usikimbie."

Mtu yule hakuondoka. Alilitazama lango, kisha akamtazama mlinzi, ambaye sasa alikuwa amesogea na kusimama nyuma yake.

"Ungeniimbia jana," alisema. "Mimi nimetia saini leo asubuhi."

"Saini ya nini?"

"Ya kupiga ngoma. Wakala kaniambia nikuulize wewe kitanda changu ni kipi."