Keria Yenye Sponji

Keria ya baiskeli ya Lucas ilikuwa imeshonewa sponji. Raheli aliibonyeza kwa kidole. Ikabonyea, ikainuka tena taratibu. Yeye alikuwa akikalia chuma kitupu tangu wajuane.

Alipokuwa akiloweka nguo, mfukoni mwa shati la Lucas akakuta karatasi. Mwandiko ulikuwa wa Lucas. Jumapili, saa moja asubuhi, njia ya lami kando ya Mto Mkondoa. Waanzie darajani. Wapumzike penye kivuli. Waende polepole, Costancia asichoke.

Jina hilo Raheli hakuwahi kulisikia.

Matembezi hayo Raheli aliyaomba tangu njia iwekwe lami. Kila mara Lucas alikuwa na jibu: jua kali, au watu wa Kilosa wana macho. Na Jumapili zenyewe huwa kazini Mikumi, hakuna mjadala.

Editha, jirani wa mlango wa pili, alimshauri anyamaze. Raheli akamcheka. Kichwani alishakichora kisichana chenyewe: kiuno cha nyigu, kucha ndefu, miaka kumi na tisa, kimekaa kwenye sponji kinachekacheka.

"Nakwenda kukitia adabu," alisema. "Kikome kupanda baiskeli za watu."

"Haya, shoga. Angalia usije ukatiwa wewe," Editha akajibu, akaendelea kupepeta mchele wake.

Jumapili, saa moja kasorobo, Raheli alikuwa darajani, khanga kaifunga kibwebwe, matusi kayapanga kuanzia dogo hadi kubwa. Baiskeli ikatokea. Lucas alipomwona, mguu ulimteleza kwenye pedali, nusura aingie mtoni.

Kutoka kwenye keria akashuka mwanamke mnene, mtulivu, mvi zimeanza kumchungulia kwenye kilemba, rika la shangazi zake Raheli. Alimtazama Raheli usoni, akangoja.

Matusi yote yakamwishia mdomoni. Raheli hakulelewa kumtukana mtu wa umri ule. Magoti yalijikunja yenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," Costancia akasema, akikung'uta vumbi kwenye kitenge. "Hebu niambie. Nilipofunga ndoa na Lucas, wewe ulikuwa darasa la ngapi?"