Hindi Lenye Mapengo

Jumapili ya mavuno, wazee wa kanisa waliisukuma meza ya sadaka ukutani. Mvua ilikuwa imewanyima mazao, na tangu asubuhi kanisa zima lilikuwa likinung'unika.

Mama Ketura akainuka na hindi pekee lililokomaa shambani mwake, lenye mapengo katikati ya punje, akaiburuta meza mpaka madhabahuni. Miguu ya meza ilikwaruza sakafu, watu wakageuka.

"Mama Ketura, mwaka huu hatutoi," Mzee Obadia alimkemea. "Tumshukuru Mungu kwa mapengo?"

"Kwa punje, mzee. Mapengo umeyaona wewe."

Akalilaza hindi mezani, akapiga magoti, akaanzisha wimbo wa mavuno peke yake. Ubeti ulipoisha akawangoja watu waitikie.

Mzee Obadia aliinamisha kichwa, midomo yake ikianza kukitamka kiitikio.