Ukuta wa Bi Saumu

Mzee Kombo, fundi lipu, alikuwa ameshashuka jukwaa la ghorofa, mwiko na kibao chake ndani ya kiroba, nyapara akimfuata nyuma.

"Huku saiti unapiga soga utakavyo, mzee. Majumbani kwa watu utafunga mdomo."

"Soga na nani? Na hizo mashine zako?"

Lipu ya majumbani siku hizi, ikiwa mbichi, hushika sauti na kuirudia kila jioni. Ndiyo maana fundi huipiga kimya. Likimteleza neno moja, hapewi nyumba tena.

Kwa Bi Saumu, mjane asiye na mtoto, Kombo alimaliza ukuta wa sebule bila kukohoa. Mama wa watu akamwekea chai, akageuka kuondoka.

"Keti kidogo, dada yangu," Kombo akasema. "Sijaongea na mtu tangu mfungo."

Wote wawili wakautazama ukuta, lipu bado mbichi.

Kombo alirudishwa saiti, akafia juu ya jukwaa, na mashine zikaendelea na kazi. Nyapara alihamia mji mwingine. Bi Saumu alikataa ukuta kukwanguliwa. Kila jioni huvuta kiti, akaujibu kwa kirefu, na majirani wameacha kumpigia hodi.